Ni ya Nani?

Kabla hujauliza bei, Bi Mejumaa anakuuliza:
"Ni ya nani?"

Duka lake, Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
lina upana wa mlango na kina cha kisima.
Chupa zilizokuwa za juisi, za siki, za dawa ya kikohozi,
nyingine za pombe, nazo zimeshatubu,
zote sasa zimejaa mafuta.

Niliona haya. Nikasema, "Ya nyumbani."
Akacheka hadi miwani ikamteleza puani.
"Ya nyumbani! Haya, lete mkono."

Akanikunja shati, akanidondoshea tone
pale mshipa unapopiga.
"Haya ya nazi, yamekamuliwa jana bila moto. Mepesi.
Yanaingia ngozini kama mgeni mwenye adabu,
hayakai mlangoni kupiga soga.
Haya ya ufuta yana joto la ndani;
paka usiku, misuli inalegea
kama mdeni aliyesamehewa.
Haya ya nyonyo: mazito, yana kiburi, yananata shukani,
lakini kovu lililokakamaa halina rafiki mwingine.
Ya karafuu usiyapake matupu, yatakubabua.
Matone matatu kwenye kikombe cha nazi, basi.
Uyahesabu kama chumvi, si kama maji.

Na haya..." Akashusha sauti, akanikonyeza.
"Kilua na asumini. Kwa huyo wa nyumbani.
Mwaka juzi karani mmoja wa bandari alichukua chupa mbili,
mwaka huu kaja kununua ya mtoto."

Wanawake wawili waliokuwa wakingoja wakaangua kicheko.
Mkono wangu ulikuwa unang'aa sehemu tano,
nanukia kama harusi ya watu wengine.

"Ni ya baba," nikasema.

Hakusema pole.
Aliifunga ile ya asumini, akaiweka nyuma ya redio.
"Alikuwa anafanya kazi gani?"
"Mkonge, huko Muheza. Miaka thelathini na mmoja.
Kwanza kukata, kisha korona.
Ile mashine, si ule ugonjwa."
"Mgongo?"
"Mgongo. Na miguu imekuwa magamba,
anajikuna usiku namsikia hadi chumbani kwangu."

Akaanza upya, safari hii bila maneno.
Ufuta. Nazi nyingi. Nyonyo kijiko kimoja cha chai.
Akatikisa, akanusa, akaongeza nazi tena.
Ya karafuu akayashika, akayarudisha.

"Pasha kwenye bakuli la maji ya moto, si jikoni.
Jaribu kwanza padogo, ungoje hadi kesho.
Penye kidonda usiguse.
Na usikande kwa haraka:
wazee wanaujua mkono unaotaka kuondoka."

Makorora, usiku wa pili. Padogo pamekubali.
Baba kalala kifudifudi, kaikunja kanzu kiunoni,
uso kaufukia kwenye mto kama anasubiri sindano.
Sijawahi kumgusa mgongo.
Sisi ni watu wa kupeana mikono, tena Iddi.

Ngozi ikanywa. Nikaongeza, ikanywa tena,
bila asante, kama mwenyewe.
Chini ya bega la kushoto kuna mfereji,
kidole kinalala ndani kikaenea.
"Hapo palikuwa pa mzigo," akasema.
"Wao wanahesabu, sisi tunabeba."
Sikujibu. Nikapita hapo mara saba, mara nane,
mkono wangu ukijifunza kutokwenda popote.

Nikashuka hadi mguu wa kulia,
kwenye yale magamba, kisigino, katikati ya vidole.

"Shilingi ngapi?" akauliza ndani ya mto.
Nikamtajia nusu yake.
"Wamekuibia."

Kimya. Kwa jirani mwiko unagonga sufuria.
Kisha, polepole, kama mtu anayesukuma kitu kisicho chake,
akausogeza na mguu wa pili.